Ngiri na kanga wa porini wamechanganyika na mifugo shambani: niwaache au niwatenge?

Shamba_Hindi

Assalaam aleikum wafugaji wenzangu. Shamba ni ekari 4, Lamu upande wa bara, karibu na Hindi, na limepakana na kichaka. Mifugo ni mbuzi 14, ng'ombe 3, punda 1 na kuku wa kienyeji 30. Tangu kaskazi ianze, ngiri jike na watoto wawili wanalisha katikati ya mbuzi na jioni wanafuatana nao hadi kwenye hori la maji. Mbuzi hawashtuki kabisa. Kanga wa porini, kundi la ishirini hivi, hufika alfajiri na kula pumba pamoja na kuku. Yangeyange wako na ng'ombe siku zote, hao sina shida nao. Wiki hii pia ameonekana mtoto wa paa, mwekundu, asubuhi mara mbili pembeni mwa zizi, na watoto wa nyumbani wanataka kumpa maziwa.

Naomba kujua: kuna magonjwa gani ya kuogopa? Hori na chakula nivipange vipi? Na huyo paa afanyiweje? Sipendi kuwadhuru.

Tabibu_Mifugo

Waaleikum salaam ndugu yangu. Anza na paa, tena leo, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja.

Asipewe maziwa, na asishikwe. Paa humficha mtoto wake kichakani akaenda kula, akawa anarudi kunyonyesha mara chache tu kwa siku. Kumwona peke yake si dalili ya kwamba ameachwa. Watu wakimzunguka ndipo mama anaposhindwa kurudi. Ondoeni mbwa na watoto, mtazameni kutoka mbali, mita mia ikiwezekana. Akiwa na jeraha, akilia mfululizo, akiwa na nzi wengi machoni, au akibaki palepale amelegea hadi kesho yake, hapo ndipo pa kuita KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kwa mnyama mdogo hivyo kuharisha kunaua upesi kuliko njaa.

Mtazameni vizuri pia. Akiwa na mstari mweupe unaokata mapajani kwa nyuma na madoa meupe miguuni, huyo ni paa nunga, mnyama adimu sana ambaye makazi yake ni Zanzibar na misitu ya pwani yetu kama Boni, Dodori na Arabuko-Sokoke. Waambieni KWS hata akiwa mzima. Na kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kumfuga bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema.

Wengi wakiona mtoto wa mwituni amejibanza kwa mbuzi husema wamependana. Wapwani tunamkumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akiwa na karibu kilo 300. Alipofikishwa Haller Park, bustani ya wanyama huko Bamburi, Mombasa, alimng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee. Mtoto aliyepoteza mama hutafuta mwili mkubwa wa kujificha nyuma yake, na kobe ndiye aliyekuwepo. Lakini kiboko hukua. Mwaka 2007 walitenganishwa, Owen akawekwa na kiboko jike, maana uzito wake ungeweza kumuumiza kobe. Mtoto wa paa aliyezoea mbuzi naye atakua, na hatajua tena kuwakimbia mbwa.

Mkaa_Kichakani

Nami niongeze kuhusu ngiri.

Ngiri hupenda nyasi fupi, na nyasi zako ng'ombe wameshazipunguza. Macho mengi malishoni pia humpa usalama. Lakini kinachomleta mpaka zizini wakati wa kaskazi ni maji na tope. Kwa hiyo malishoni waache tu. Mahali pa kuwatenga ni majini, chakulani na zizini.

Tope huanzia pale maji yanapomwagika, basi zunguka hori kwa mawe ya matumbawe au kokoto, upana wa mita 2, na mteremko uyatoe maji mbali. Hori la ng'ombe na punda liwe na ukingo wa sentimita 60. Ngiri mdogo hafiki, na mkubwa hapendi kunywa ameinua kichwa. Hori la mbuzi ni lazima liwe chini zaidi, kwa hiyo hilo lihamie ndani ya zizi. Mwaga maji yaliyobaki usiku. Kama unachota kwenye jabia (birika la kuhifadhi maji ya mvua), mdomo wake ufunikwe na pasiwe na mahali panapovuja. Jiwe la chumvi nalo lining'inizwe ndani. Likiachwa nje litaita kila mwenye kwato kutoka kichakani, nyati akiwemo.

Okota maembe na mabibo yaliyoanguka kila jioni. Hayo humvuta ngiri, kisha humvuta nyani, na nyani ndiye wa kuogopwa. Huketi kimya karibu na mbuzi hata ukadhani ni mchungaji, lakini wanapozaliwa vitoto huwakamata na kuwala. Mbuzi anayekaribia kuzaa abaki zizini mchana, na mtoto akae ndani wiki mbili za mwanzo.

Ua wa zizi hauzuii ngiri kwa urefu wake. Yeye hupita chini. Fukia wavu sentimita 30 ardhini, au panga miiba mizito ikiwa imelala chini kabisa. Na tafadhali usizibe shimo analolala, mara nyingi ni shimo la zamani la muhanga, mnyama anayechimba kutafuta mchwa. Ngiri huingia kinyumenyume na kutoka kwa kasi akitanguliza pembe za mdomoni. Aliyesimama mbele ya shimo hukatwa paja. Weka alama ya vijiti kuzunguka shimo ili ng'ombe asivunjike mguu.

Tabibu_Mifugo

Nirudi kwenye magonjwa. Kwa upande wa ngiri, hofu yangu kubwa ni mbung'o. Ngiri ni mmoja wa wanyama ambao mbung'o hupenda sana kunyonya damu yao, na vimelea vya nagana, ugonjwa wa damu unaoenezwa na mbung'o, humkaa bila kumkondesha. Mbung'o akitoka kwake akamuuma ng'ombe, ng'ombe ndiye anayeumwa: homa ya kuja na kuondoka, tezi kuvimba, ufizi kuwa mweupe, kukonda ingawa anakula, mimba kutoka. Apimwe damu kabla ya kudungwa. Diminazini, sindano ya kutibu nagana, ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Pima kifua kwa utepe wa kukadiria uzito, usikisie kwa macho, maana dozi pungufu ndiyo inayozoesha vimelea dawa.

Weka mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi ukingoni mwa kichaka, mahali pa wazi, nyasi zikiwa zimefyekwa kuuzunguka ili uonekane. Chini yake weka chupa ya mkojo wa ng'ombe uliokaa wiki tatu na nyingine ya asetoni. Mbung'o hufuata harufu hiyo.

Nyati akianza kuja, kupe wa masikio watakuletea ndigana kali (homa ya kupe ya ng'ombe) ya asili ya nyati, ambayo hata ng'ombe aliyechanjwa ndigana halindiki nayo sawasawa. Hapo nyunyiza kila wiki bila kuruka. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 ni mililita 40 kwa maji lita 20. Ng'ombe mkubwa lita 5 si nyingi. Dawa ifike ndani ya masikio, chini ya mkia na kwapani. Wanaokosea hulowesha mgongo tu.

Homa ya nguruwe ya Afrika nayo hutunzwa na ngiri na kupe wa mashimoni mwao, ila humuua nguruwe pekee. Kwako haihusu, lakini jirani mwenye nguruwe aambiwe.

Bi_Kuku

Kwa kanga, kaka, badilisha saa ya chakula. Pumba iliyomwagwa uwanjani alfajiri ndiyo inayowaita. Lisha jioni, ndani ya banda: gramu 40 kwa kila kuku, yaani kilo 1.2 kwa hao 30. Kuku watajifunza kurudi mapema, na kanga wataendelea kula panzi na mchwa nje, kazi ambayo ina faida kwako. Kelele zao mwewe akija zinawaokoa hata vifaranga.

Kinachoweza kupita kati yao ni kideri (ugonjwa wa Newcastle) na minyoo. Kwa kideri, chanja ile ya tone moja jichoni, kila miezi 3, kundi zima pamoja na vifaranga. Ikae baridini, na ikishafunguliwa itumike siku hiyo hiyo. Kuku aliyekwisha kuugua haimponyi. Bata mzinga usiwafuge hapo: minyoo ya kuku na kanga hubeba ugonjwa wa ini unaowamaliza. Mayai ya kanga yakionekana kichakani yaachwe.

Shamba_Hindi

Shukrani sana, mmenisaidia. Paa hakuonekana leo, watoto nimewakataza. Hiyo amitrazi naweza kumnyunyizia na punda kwa kipimo hicho hicho?

Tabibu_Mifugo

Hapana, hata kidogo! Amitrazi husimamisha utumbo wa punda, choo kikafunga na tumbo likamuuma mpaka akafa. Tafuta dawa ya kundi la deltamethrini ambayo lebo yake inasema inafaa punda, na tumia bomba jingine, lisilowahi kutiwa amitrazi. Diminazini nayo punda huistahimili kidogo kuliko ng'ombe, kwa hiyo usimdunge mwenyewe. Ngoja afisa wa mifugo ampime.

Na kama bomba ni moja tu, mpanguse punda kwa kitambaa na ndoo safi.