Mawakala wa kujitolea nje ya nchi, acheni kuwapandisha watoto jukwaani waigize shida zao

Wakuu, nimerudi kutoka kujitolea nje ya nchi, kufundisha maigizo kwenye makao ya watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Nimejaribu kunyamaza, nimeshindwa. Wakala aliyenipeleka simtaji, kwa sababu mchezo huu wanaucheza wengi. Unayetaka kulipa ada, soma kwanza.

Tangazo lilisema uzoefu hauhitajiki. Yaani mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa anakabidhiwa watoto waliopigwa, waliotelekezwa, wengine waliokimbia vita, aambiwe awafanyishe mazoezi ya kutoa hisia! Hakuna aliyeniomba cheti cha polisi. Sera ya ulinzi wa mtoto sikuonyeshwa. Walichofuatilia kila siku ni malipo yangu na saizi ya fulana.

Kikundi cha maigizo hakijengwi na wageni wanaopishana mlangoni. Mnaanza na michezo ya majina na ya kuaminiana, mtoto mkimya anachukua muda mpaka atoe sauti, ndipo mnaingia kwenye kubuni papo kwa papo, na baadaye sana ndipo igizo lao linazaliwa. Nilipoanzisha mchezo wa majina, watoto waliumaliza kabla sijaueleza. Wa kioo wanaujua, wa kurushiana mpira wanaujua. Kila anayekuja anawarudisha mwanzo, akishaanza kuzoeleka anapanda ndege. Binti mmoja aliniuliza naondoka lini, hata jina langu alikuwa hajaliuliza.

Na aliyenitafsiria swali hilo ni nani? Mwalimu wa sanaa za maonyesho, mwenyeji wa pale pale, amesomea kazi hiyo na anamfahamu kila mtoto na nyumbani kwao. Wamempa posho ya ukalimani, awatafsirie watu ambao yeye ndiye angepaswa kuwafundisha. Ada zetu zote zile, na hakuna aliyefikiria kumwajiri! Hili linaniuma kuliko yote.

Halafu likaja onyesho la wafadhili. Kwenye mafunzo ya mtandaoni walitujaza sifa za Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili aliyekamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971. Katika mbinu yake ya jukwaa la majadiliano, mtazamaji anasimamisha igizo, anapanda jukwaani na kujaribu njia nyingine ya kumkabili mwonevu. Sasa linganisheni na tulichofanya. Maneno yaliandikwa ofisini. Mtoto aliyefiwa na mama akapewa nafasi ya mtoto aliyefiwa na mama. Alipogoma kusema mstari wa kaburini, msimamizi alimwambia wageni wametoka mbali. Nilipinga, nikajibiwa kuwa sielewi mazingira. Akausema, akalia, kamera zikamsogelea, na ukumbi ukapiga makofi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kushiriki sanaa, kifungu cha 31. Mkataba huo huo, kifungu cha 16, unalinda faragha yake. Hawa wanakishika kimoja kwenye vipeperushi na kukikanyaga kingine jukwaani. Na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea kwenye makao ya yatima, zikiwemo zinazoambatana na utalii. Kwa hiyo mtu asiniambie nakuza mambo.

Mtoto anayetaka kucheza mfalme, jini au mwendesha treni, mwacheni acheze. Maigizo yanampa nafasi ya kuwa mtu mwingine kwa saa moja, na nyinyi mnamnyang'anya hata hiyo saa.

Nimewaandikia wakala waondoe picha za onyesho lile. Wamenijibu kwa kunitumia fomu ya kutathmini huduma. Aliyepitia mikononi mwa watu wa namna hii aseme hapa: picha za watoto aliowafundisha ziko wapi leo, na ni nani aliyeridhia zitumike?