Hawa Wakarlisti wa Hispania, mfalme wao hasa ni nani?

KijanaWaMalindi
Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie natembeza wageni Mji Mkongwe. Juzi nilikuwa na mzee mmoja wa Navarra, mpole, hachoki kuuliza. Nilipomtajia masultani wetu akanambia kwao nako kuna mfalme wa Madrid na kuna mfalme "wa haki". Wa haki ni yupi? Akacheka, akasema hapo ndipo wanapogombana wenyewe kwa wenyewe. Akataja Carlos, tena Carlos mwengine, Javier, Sixto. Nimejisomea nikazidi kupotea: wengine wanaandikwa watu wa kanisa, wengine wasoshalisti, na wote wanajiita Wakarlisti. Maalim kama upo, tusaidie. Nani kiongozi, na wamegawika kwa lipi?

Mtumbatu
Si mambo yale yale yakhe. Sayyid Said kafa 1856, watoto wakagombea, Waingereza wakaja kuamua 1861, Unguja huku Oman kule. Ndugu na kiti cha enzi hawapatani popote.

MaalimWete
Wa alaykum salaam mwanangu.

Mtumbatu kapatia mwanzo tu. Mfalme Fernando VII alikufa 1833 akamwachia kiti bintiye Isabel, hata miaka mitatu hajatimiza. Ami yake, Carlos, ambaye wafuasi wake ndio Wakarlisti, akakataa: sheria ya Felipe V ya 1713 ilimtanguliza mwanamume. Fernando alikuwa ameshaifuta 1830, lakini Carlos hakuutambua ufutaji huo. Wakapigana 1833 hadi 1840, wakapigana tena 1872 hadi 1876, na katikati kuna vita vidogo vya Catalonia. Mara zote Wakarlisti walishindwa. Ila tofauti na kwetu, nyuma ya Carlos kulikuwa na watu wa mashamba wa Navarra na wa nchi ya Wabaski, wanatetea kanisa lao na haki zao za kale za kujiendeshea mambo, ambazo wao huziita fueros. Ndiyo maana ami mtu alikufa, mwanawe akafa, na mambo yakaendelea. Seyyid Khalid alipokimbilia kwa Wajerumani 1896, nani alibaki barazani miaka mia akimngojea?

Mifarakano ya mwanzo napita mbio. 1888 Nocedal, mmoja wa wakubwa wao, aliondoka na wenzake, kisa Carlos VII, mdai wao wa wakati huo, kalegea mno katika dini. 1919 akaondoka Vázquez de Mella, msemaji wao mashuhuri, aliyekuwa upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza, ilhali Don Jaime, mwana wa Carlos VII na mrithi wake, moyo wake ulikuwa kwa maadui wa Wajerumani. Jamhuri ilipoingia 1931, hofu ikawarudisha wote pamoja.

Tatizo lenyewe ni 1936. Mdai wa mwisho wa ukoo ule, Alfonso Carlos, mzee wa miaka 87, aligongwa na gari mjini Vienna mwezi wa tisa, akafa. Hana mtoto. Sasa fuateni nasaba kama walivyozoea wao, kwa wanaume: inakwenda moja kwa moja kwa Alfonso XIII, mjukuu wa yule yule Isabel! Miaka mia moja ya damu, na hesabu ya damu inawarudisha kwa adui.

Mzee alikuwa amelijua hilo. Mapema mwaka ule alimteua Javier wa Borbón-Parma, mpwa wa mkewe, awe msimamizi mpaka apatikane mrithi anayestahiki. Anayestahiki, yaani damu peke yake haitoshi. Awe pia anazishika zile itikadi. Hapo ndipo kila mtu alipochukua njia yake.

Mie katika wote hao namtazama mmoja ambaye hata mwana wa mfalme si yeye: Manuel Fal Conde, wakili wa Sevilla, ndiye aliyekuwa mkuu wa harakati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, vijana wao wa bereti nyekundu, requetés, walimiminika Pamplona kwa maelfu kumuunga mkono Jenerali Mola, mmoja wa majenerali walioiasi Jamhuri. Disemba 1936 Fal akatangaza kuanzisha chuo cha kijeshi cha Wakarlisti wenyewe. Jenerali Franco, ambaye sasa ndiye mkuu wa waasi, akampa achague: aondoke nchini au ashitakiwe mahakama ya kijeshi. Akaenda Lisbon. Aprili 1937 Franco akawaunganisha kwa amri Wakarlisti na Wafalanja, yaani mafashisti wa Hispania, katika chama kimoja chake yeye. Fal alipopewa kiti katika baraza la chama hicho alikikataa. Conde de Rodezno, bwana mkubwa wa Navarra, alikubali mapema, na 1938 akawa waziri wa sheria.

Watu husema Rodezno alikuwa na akili ya siasa. Alikuwa nayo, sikatai. Lakini chama alichokiingiza humo hakikutoka tena kama kilivyoingia.

BintiChake
Shkamoo Maalim. Na huyo Carlos wa VIII anayetajwa ni nani? Mbona nasoma ni Mhabsburg?

MaalimWete
Marahaba. Ni mjukuu wa Carlos VII kwa bintiye, Doña Blanca, aliyeolewa na Mhabsburg, ukoo wa wafalme wa Austria. Waliomtaka walisema wanaume wakiisha, haki yapita kwa mwanamke. Sheria ya 1713 kweli inaruhusu hivyo, lakini harakati iliyoanza kwa kumkataa mtoto wa kike kuja kusimama juu ya mtoto wa kike, utacheka tu. Wengi waliona Franco alimwacha atambe ili Javier na Don Juan, mwana wa Alfonso XIII, wasipate usingizi. Alikufa 1953, na kundi lake likafifia. Kundi jengine likaenda Estoril, Ureno, 1957 kumkubali huyo Don Juan. Hao ni wale waliofuata hesabu ya damu mpaka mwisho wake.

KijanaWaMalindi
Na usoshalisti umetokea wapi?

MaalimWete
Kwa Carlos Hugo, mwana wa Javier. Alijitokeza Montejurra 1957, mlima karibu na Estella ambako Wakarlisti hupanda kila Mei kuwaombea wafu wao wa vita. 1964 akamuoa Irene, binti wa malkia wa Uholanzi. Franco hakumtaka, akamfukuza nchini Disemba 1968. Naye akazidi kwenda kushoto: wafanyakazi wajiendeshee viwanda, mikoa ijiendeshee mambo. Akasema fueros ndizo hizo hizo kwa sura ya leo. Hoja haina ubaya, lakini wazee waliopigana 1936 kuwazuia wasoshalisti uwaambie hivyo?

Mdogo wake, Sixto Enrique, akashika bendera ya wakale. Tarehe 9 Mei 1976 walikutana mlimani, upande wa Sixto ukiwa na bunduki na wageni wa siasa kali kutoka nje. Wafuasi wawili wa Carlos Hugo wakauawa, watu waliokwenda kusali. Uchaguzi wa 1979 Carlos Hugo aligombea Navarra, hakupata kiti, baadaye akajitoa katika chama. Alifariki 2010.

BintiChake
Kwa hiyo leo wako wangapi?

MaalimWete
Makundi ni matatu ya kutajika. Kuna wanaomtambua Carlos Javier, mwana wa Carlos Hugo. Kuna waliomfuata Sixto, ambaye hakujiita mfalme bali msimamizi tu. Na kuna Comunión Tradicionalista Carlista, iliyoundwa 1986 kwa kuwakusanya waliochoshwa na ugomvi wa wana wa wafalme. Hao wana dini, wana nchi, wana fueros, na mahali pa mfalme wamepaacha wazi. Chama cha Carlos Hugo nacho kipo, kidogo, na mfalme hakimhitaji tena.