Nikirenda video ya HD naambiwa memori imeisha, na RAM haijajaa. Msaada wakuu

mpigavideo_moro

Heshima kwenu wakuu.

Nina kazi ya harusi mezani, video ya karibu saa moja na nusu, 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kuediti nimemaliza, wateja wanaisubiri, bibi harusi ameshafikia hatua ya kunitumia alama za kuuliza tupu WhatsApp. Kinachonishinda ni kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika. Inaanza vizuri, inatembea, halafu inakata na ujumbe kwamba memori haitoshi. Wakati mwingine programu inajifunga bila hata kuaga. Mara nyingi inafia kwenye kipande cha picha za mnato, zile za maharusi ufukweni, lakini si lazima. Kuna wakati imepita hapo salama ikaja kufia mbele, ukumbini.

Mashine ni Dell OptiPlex 7010, i5-3470, RAM GB 8 (vijiti viwili vya nne nne), SSD ya GB 120 yenye Windows 10 ya biti 64, na HDD ya TB 1 ninayowekea kazi. Kadi ya picha ni GT 1030 ya GB 2. Naeditia Premiere Pro. Klipu nyingine ni 4K (nukta mara nne ya HD) kwa sababu kamera ya pili ilikuwa ya jamaa yangu.

Kinachonichanganya ni hiki: nikifungua Task Manager wakati inarenda, RAM iko asilimia 70 na kitu. Haijajaa! Sasa ni memori ipi hiyo inayoisha? Muuza vifaa mmoja kaniambia ninunue RAM GB 16 niachane na maneno mengi. Hela sina mpaka hawa wa harusi wamalizie, na hawamalizii mpaka waione video. Nawasilisha.

jogoo_wa_shamba

Mashine ya 2012 unaitwisha 4K, mkuu huo ni unyanyasaji. Uza, ongezea, nunua nyingine.

mpigavideo_moro

Nikiuza hii mkuu nitaeditia kwenye kikokotoo? Nisaidieni na iliyopo.

tupatupa

Shusha zile programu za kusafisha RAM, unabonyeza mara moja inashuka hadi asilimia 30. Mimi natumia, mashine inakuwa nyepesi kama karatasi.

kaka_saketi

Hizo za kusafisha RAM achaneni nazo. Kazi yake ni kuzifukuza programu nyingine kwenye RAM kwa nguvu, data zake zinahamia diski, na sekunde chache baadaye zinahitajika tena zinarudishwa. Namba inapendeza, mashine inahenya.

Mleta mada, hiyo asilimia 70 ndiyo habari kubwa katika uzi wako wote. Windows ina hesabu mbili za memori. Moja ni RAM inayotumika kwa sasa. Ya pili ni ahadi. Programu ikiomba memori, Windows inaiandikia kiasi hicho kama ahadi, hata kama programu haijaanza kukitumia, na jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM ukijumlisha na faili la pagefile.sys lililoko kwenye diski, ambalo Windows inalitumia kama nyongeza ya RAM. Ahadi zikigota kwenye kikomo, atakayeomba tena ananyimwa, hata kama RAM bado ina nafasi.

Fungua Task Manager, Performance, Memory. Chini kuna sehemu imeandikwa Committed, ina namba mbili zenye mkwaju katikati. Tuletee hizo namba wakati inarenda. Na diski C imebaki na nafasi kiasi gani?

mpigavideo_moro

Committed inasoma 7.7/7.9 GB dakika chache kabla ya kukata. C imebaki na GB 5.

kaka_saketi

Jibu ndilo hilo. Kikomo chako ni 7.9 na RAM ni 8, kwa hiyo pagefile haipo, kuna mtu ameizima. Mafundi wengi wakifunga SSD ndogo wanafanya hivyo wakiamini wanaokoa nafasi na umri wa SSD.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Performance bonyeza Settings, halafu Advanced tena, chini kwenye Virtual memory bonyeza Change. Weka tiki kwenye ile ya juu kabisa inayosema Windows ijisimamie yenyewe, kisha washa mashine upya. Ukitaka kuweka kwa mkono, kwa RAM yako anza na 8192, mwisho 16384. Ila kwa GB 5 zilizobaki C haitatosha. Safisha kwanza.

tupatupa

Si mnaambiwa kila siku pagefile inaua SSD?

kaka_saketi

Mnaambiwa na nani? Microsoft wenyewe tangu enzi za Windows 7 walishauri pagefile ikae kwenye SSD. SSD yako itazeeka kwa mambo mengine kabla ya hilo. Akiiweka kwenye HDD nayo itafanya kazi, ila atasubiri hadi achoke.

binti_montaji

Kwenye kusafisha C, kaka, usianze kufuta ovyo. Premiere ikipokea klipu inatengeneza mafaili yake ya kuisaidia kusoma sauti na picha, na kama hukubadilisha chochote inayaweka C, ndani ya folda ya mtumiaji. Mtu anayeediti harusi kila wikiendi anakuta GB 30 au 40 zimelala humo za kazi za mwaka jana. Ingia Preferences, Media Cache, futa yasiyotumika, kisha uhamishie makazi yake kwenye HDD. Yakihitajika tena programu itayatengeneza, hupotezi kazi.

Sasa nije kwenye zile picha za ufukweni, kwa sababu mimi zimenitesa sana. Ni za ukubwa gani?

mpigavideo_moro

Ni za mpiga picha mwingine, kanipa zilezile zilizotoka kwenye kamera. 6000 kwa 4000. Ziko kama 80, lakini faili moja halifiki hata MB 12, kwa hiyo sikuziwazia.

binti_montaji

Hizo MB 12 ni JPEG ikiwa imefungwa. Programu haiwezi kuichora ikiwa imefungwa, lazima iifungue kila nukta. 6000 mara 4000 ni nukta milioni 24, kila nukta baiti 4, tayari ni MB 96 kwa picha moja. Fremu yako ya HD kwa hesabu hiyohiyo haizidi MB 8.3. Yaani unaibebesha mashine picha yenye uzito wa fremu kumi na moja ili mwishoni ionekane kwenye skrini ya nukta milioni 2. Hapo ukiweka na mpito wa picha moja kuyeyukia nyingine, zinafunguliwa mbili kwa pamoja, na prosesa ina viini vinne kwa hiyo inaandaa fremu kadhaa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana inapenda kufia hapo.

Zipunguze zote kwa mkupuo. IrfanView ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani na inabadilisha folda zima. Upana 1920 unatosha. Kama unazisogeza na kuzivuta karibu, weka 2880. Zihifadhi kwenye folda mpya kwa majina yaleyale, halafu ndani ya mradi uziunganishe upya na folda hilo. Ukubwa wa picha kwenye taimulaini utabadilika, kwa hiyo zipitie tena kwa macho kabla ya kurenda. Kuna uvivu humo, nakubali.

Jambo jingine: kwenye Preferences, Memory, kuna sehemu ya kuchagua urendaji ulenge kasi au ulenge memori. Weka memori. Itachelewa kidogo ila haitaomba vingi kwa pamoja. Na kwenye dirisha la kutolea video, ondoa tiki ya Maximum Render Quality. Watu wanaipenda kwa sababu ya jina. Inasaidia pale unapopunguza au kukuza ukubwa wa picha, na inakula memori.

mie_wa_ng'ambo

Sheikh wangu, mie niko Unguja, kazi hizi n'nazo miaka. Wenzangu wameshasema ya maana, lakini kabla hujasadiki kitu kijaribu. Ikifa pahala pamoja kila mara, tatizo limo kwenye kitu kilichopo pahala hapo: picha, klipu mbovu, au athari uliyoiweka. Weka alama ya mwanzo na mwisho kwenye dakika hiyo tu uirende peke yake. Ikifa pahala tofauti tofauti bila mpangilio, hata kwa kazi nyepesi, hapo shuku vijiti vyenyewe au joto. Wewe naona una yote mawili, kwa hivyo vitafute viwili, usitafute kimoja.

Kujaribu vijiti, MemTest86 inawekwa kwenye flashi, mashine inawakia humo, unaiacha usiku kucha. Ikitoa hata kosa moja, chomoa kijiti kimoja ujaribu kingine peke yake. Na usivitupe kabla ya kuvisugua miguu ya dhahabu kwa raba ya shuleni, umeme ukiwa umechomolewa. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu.

msee_wa_render

Mimi niko Nakuru na hiyo GT 1030 nilikuwa nayo. Kuna kitu watu huwa hawaambiwi dukani: hiyo kadi haina NVENC, sehemu ya kutengenezea H.264 (aina ya kawaida ya kubana video) kwenye kadi nyingi za NVIDIA. Kwa hivyo usitafute hiyo chaguo ukidhani umekosea kuweka draiva. Haiko.

Halafu kuna memori ya kadi yenyewe, GB 2, na hii ni tofauti na RAM. Premiere ikitumia kadi, nukta moja inakuwa baiti 16 badala ya 4. Fremu moja ya 4K ina nukta milioni 8.3, so hapo ni MB 133. Weka tabaka tatu, rangi, kulainisha kelele za picha (chengachenga), na GB 2 imeisha saa hiyohiyo. Nakisia kule ukumbini ndiko klipu za 4K ziko?

mpigavideo_moro

Ni kweli, ukumbini ndiko kamera ya jamaa ilikokuwa. Na giza lilikuwa jingi, kwa hiyo nimeweka ya kulainisha chengachenga kwenye klipu zote zile. Ngoja niende nikafanyie kazi.

jogoo_wa_shamba

Mwenye uzi kaingia mitini. Bibi harusi atakuwa amemkamata.

mpigavideo_moro

Nimerudi wakuu, mzima.

Media Cache ilikuwa imekalia GB 41 za C. Nimeifuta, nimeihamishia HDD, nimerudisha pagefile na kupunguza picha zote hadi 2880. Kipande cha ufukweni kimepita bila kelele. Committed sasa inapanda mpaka 11 na kitu, kikomo kinasoma karibu 16. Kaka_saketi na binti_montaji, Mungu awazidishie.

Ukumbini bado. Inafika klipu za 4K, skrini inapepesa, inakata. MemTest86 ililala inafanya kazi, asubuhi sikukuta kosa hata moja.

msee_wa_render

Hiyo ya kupepesa ni kadi imelemewa. File, Project Settings, General, pale kwa Renderer badilisha uweke Software Only. Sasa prosesa itabeba kila kitu kwa RAM na pagefile. Itakuwa pole sana, lakini ikifika mwisho utajua mkosaji ni nani.

Kama hutaki kungoja hivyo, geuza klipu za 4K ziwe HD kwanza kabla hazijaingia kwa mradi. HandBrake, programu ya kugeuza video, inafanya. Chagua 1080p na uweke fremu zisizobadilika, 25. Video yako inatoka HD anyway, hiyo 4K unaibeba bure, isipokuwa ulikuwa umeivuta karibu sana kukata sura za watu.

binti_montaji

Naongezea: hata hivyo si lazima urende saa moja na nusu kwa mkupuo. Mimi harusi ndefu naikata vipande, kila kipande nakitoa kwa DNxHD (aina ya faili la video la kazi, halibanwi sana) ya megabiti 120 kwa sekunde, halafu naviunganisha kwenye mradi mtupu usio na athari yoyote na kutoa H.264 ya mwisho kutoka hapo. Kipande kikifa unarudia hicho tu. Andaa nafasi lakini, saa moja ya DNxHD hiyo ni kama GB 54. Na umeme ukikatika katikati, unakuwa umepoteza kipande, si usiku mzima.

mpigavideo_moro

Nimefanya ya HandBrake kwa klipu za ukumbini, na kulainisha chengachenga nimebakiza kwenye zile zilizokuwa mbaya kweli. Imerenda mpaka mwisho na kadi ikiwa imewashwa. Nimeitazama yote, keki ipo, mashangazi wapo. Naipeleka leo.

Wakimalizia hela nitaongeza RAM. Ninunue ipi isije ikanikataa?

kaka_saketi

Hiyo mashine inachukua DDR3 ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na ubao wake unabeba hadi GB 32 kwenye nafasi nne. Nunua vijiti viwili vinavyofanana, viwili vilivyopo uviache. Ukiwa Kariakoo kuwa macho na vitu viwili. Kuna vijiti vya seva, vina alama ya ECC REG, bei inavutia, kwenye hiyo mashine haviwaki kabisa. Na kuna vya GB 8 vya bei ya kutupa vilivyotengenezwa kwa mashine za AMD tu. Beba mashine yako dukani, vichomekwe uone, ndipo ulipe.

mgeni_njia

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina Core 2 Duo, RAM GB 4, Windows 7 ya biti 32. Video za shule za dakika kumi tu zinanikatia hivyohivyo. Na mimi nirudishe pagefile?

kaka_saketi

Yako ni nyingine, dada au kaka. Kwenye biti 32 programu moja kwa kawaida inaruhusiwa GB 2 tu, hata uweke pagefile ya ukubwa wa nyumba. Core 2 Duo inakubali biti 64, kwa hiyo weka Windows ya biti 64 au Linux nyepesi, na programu ya kuediti nayo iwe ya biti 64. Hamishia mafaili yako diski ya nje kwanza, maana kutoka 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu kwa juu, ni kufuta na kuweka upya.