Mkondo wa amali: karakana tumejenga, mwajiri yuko wapi?

MLETA MADA
Wakuu, siku hizi kikao cha elimu hakiishi bila mtu kuitaja Ujerumani. Nami naitaja, ila kwa sababu nyingine. Sera yetu ya elimu hapa Tanzania, ya 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari mikondo miwili: wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi. Tunajenga karakana, tunanunua cherehani na mashine za kuchomelea. Sawa. Lakini Ujerumani mambo hayaanzii shuleni. Kijana hutafuta kwanza kampuni au fundi wa kumpokea, wanasaini mkataba, kwa fani nyingi miaka mitatu au mitatu na nusu. Siku tatu au nne za wiki yuko kazini, moja au mbili darasani. Na analipwa: tangu 2020 sheria inaweka kima cha chini cha malipo yake, kilichoanzia euro 515 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza. Mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba, yaani jumuiya, za biashara na za mafundi. Mwajiri asiposaini, hakuna mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kwa fundi.

Kwenye mkondo wetu wa amali, huyo mwajiri ni nani?

MWALIMU WA SEKONDARI, IRINGA
Mkuu, umechagua upande mtamu wa Ujerumani. Mbona husemi kwamba majimbo mengi kule yanawatenganisha watoto wakiwa na miaka kumi, baada ya darasa la nne? Mtoto wa miaka kumi anajua nini kuhusu maisha yake? Finland wanafundisha ufundi kwa sehemu kubwa vyuoni, na mhitimu wake anaruhusiwa kuomba chuo kikuu. Uswisi, ambako karibu theluthi mbili ya vijana hupita njia ya ufundi, waliweka mwaka 1994 cheti kinachomwezesha mwanagenzi kuendelea na vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Mzazi wa Kitanzania hachukii ufundi. Anachoogopa ni mlango kufungwa nyuma ya mwanawe.

MKENYA
Sisi tulishapitia hayo. Mfumo wetu wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoanza 1985 ulikuja na useremala, kilimo na sayansi kimu. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Shule nyingi zilifundisha randa kwa kuichora ubaoni! Baadaye masomo yakapunguzwa. Sasa tuna shule ya upili ya juu, gredi ya kumi, na njia tatu za kuchagua. Tutaona.

MLETA MADA
Mwalimu, kuhusu mlango nakubali, hapo umenibana. Ila mwenzetu wa Kenya amenikumbusha michepuo yetu ya sekondari ya miaka ya 1970: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Benki ya Dunia ilichapisha mwaka 1985 utafiti uliolinganisha Kolombia na Tanzania, na haukukuta faida ya wazi ya kipato kwa waliosoma michepuo kuliko wa elimu ya kawaida. Benki yenyewe ikapoa kuhusu michepuo. Karakana tulikuwa nazo, wakuu.

MWENYE GEREJI, MWANZA
Naombeni niseme, mimi ndiye huyo mwajiri mnayemtafuta.

Kwangu wapo vijana wanne. Mzazi analeta mtoto, tunaongea, anaanza kama saidia fundi. Miezi ya mwanzo anaosha vipuri na kuzijua spana kwa namba. Halafu breki. Injini haigusi peke yake mpaka nimwamini, na hiyo ni miaka. Akitoka hana karatasi, labda aende VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kurasimisha ujuzi wake. Kumbe Wajerumani nao ndivyo wanavyofanya, tofauti wao wameandikishana!

Sasa shule inaniletea mwanafunzi wa wiki nane, ana daftari la kugongwa muhuri. Wiki ya nane ndiyo anaanza kusikia mlio wa injini mbovu, na anaondoka. Kwa nini nimpe muda wangu? Mwaka wa kwanza mwanafunzi ni hasara kwangu: anavunja boliti, anapoteza muda wa mteja. Mwaka wa tatu ndio anazirudisha hizo pesa. Mkinipa wiki nane mnanipa hasara tupu.

MDAU, STUTTGART
Niko huku Ujerumani mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Fundi wa Mwanza amelisema vizuri kuliko mwalimu wangu. Ila msidhani huku ni peponi: kila mwaka wapo vijana wanaokosa nafasi, huku kampuni nyingine zikilia hazipati watu.

MWALIMU WA SEKONDARI, IRINGA
Fundi, kwa heshima: siku tatu gereji, hisabati na Kiingereza nitafundisha lini? Na shule yangu iko kilomita nyingi kutoka gereji yoyote. Mashine ya kuchomelea ya shule ndiyo pekee katika kata nzima.

MWENYE GEREJI, MWANZA
Mwalimu, huko kwenu karakana ya shule ibaki, sibishi. Kwa sisi wa mjini, nileteeni kidato cha pili, akae hadi cha nne. Chakula na nauli natoa mimi. Swali langu moja: akikatwa kidole kwangu, nani analipa?

MDAU, STUTTGART
Huku kuna bima ya ajali kazini. Mwajiri ndiye anayeichangia.

MWENYE GEREJI, MWANZA
Mwajiri mwenye vijana wanne na jeki mbili?