Ushauri: Msimamizi amelirudisha tena andiko langu la ushindani wa wenye mashine za sembe Manzese

Kwetu_Tandale: Wakuu, habari za jioni. Nasoma uzamili wa biashara hapa Dar, na andiko langu linahusu ushindani wa wenye mashine za sembe Manzese na Tandale. Msimamizi kalirudisha mara ya pili, na pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Unapima ushindani au uwezo wa kushindana?" Mimi nilijua ni kitu kimoja. Halafu kuna dodoso. Nimezunguka siku nne, mashine 19, na waliojaza kipengele cha mauzo ni wawili tu. Mmoja wao naona alijaza ili niondoke. Wengine wananiuliza kama nimetumwa na TRA, watu wa kodi. Nimebakiwa na wiki tatu, nifanyeje?

MpimaSoko: Msimamizi yuko sahihi, mkuu. Ushindani ni hali ya soko. Uwezo wa kushindana ni wa mwenye mashine mmoja mmoja. Watu wanaweza kupigania wateja vikali na bado wote wakawa hoi. Ukitaka kupima soko, kuna kipimo cha HHI: chukua asilimia ya soko ya kila mmoja, izidishe kwa yenyewe, kisha jumlisha. Wanne wenye 40, 30, 20 na 10 wanakupa 3,000. Mmoja akishika soko lote ni 10,000. Mwongozo wa Marekani wa 2023 unahesabu zaidi ya 1,800 kuwa soko la wachache. Ila kwanza tuambie soko lako linaishia wapi. Sembe inayoshushwa Dar kutoka Kibaigwa, huko Dodoma, utaihesabu? Ukiiacha, hesabu yote ni bure.

Bi_Nafasi: Weka nguvu tano za Porter, 1979: washindani waliopo, wanaoingia wapya, wateja, wanaokuuzia malighafi na bidhaa mbadala. Wasimamizi wanazipenda.

MpimaSoko: Wanazipenda, lakini zinaeleza kwa nini sekta nzima ina faida au haina. Hapa swali ni kwa nini huyu anamshinda jirani waliyepakana naye ukuta. Hapo msome Barney wa 1991, anayetazama rasilimali za biashara yenyewe.

Baba_Pumba: Mdogo wangu, mimi nina mashine. Swali la mauzo hata mimi nisingelijaza. Uliza wanatumia uniti ngapi za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa wiki, na wamenunua viroba vitupu vingapi. Hayo watu wanataja bila kuficha, tena kwa kulalamika. Na bei usihangaike nayo sana. Mmoja akishusha asubuhi, mchana mtaa mzima umeshusha. Tunachogombania ni mali kauli. Mwenye duka wa Kimara anachukua viroba 20, analipa akishauza. Mimi naweza kumsubiri siku tano; jirani yangu anasubiri 14. Wateja wangu watatu wa zamani wako kwake sasa, na sembe yangu ni nyeupe kuliko yake.

MpimaSoko: Mkuu Kwetu_Tandale, tasnifu yako ndiyo hiyo. Siku za kusubiri hela! Ila kwenye LUKU angalia: anayesaga dona hakoboi, umeme wake kwa kilo ni mdogo, kwa hiyo usimweke kapu moja na wa sembe.

Kwetu_Tandale: Shikamoo mzee Baba_Pumba. Nafuta kipengele cha mauzo usiku huu. Naweza kuja kwako na dodoso jipya?

Baba_Pumba: Marahaba. Njoo Jumatatu kabla ya saa mbili, tukishawasha hutasikia kitu. Na usivae shati jeusi.