Taa ya kwenye helmeti kwa baiskeli ya milimani usiku: nichague ipi?

Njia_ya_Mizizi

Ndugu waendeshaji wenzangu, naomba ushauri wenu. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiendesha baiskeli ya milimani usiku kwa taa moja tu iliyofungwa kwenye usukani, na penye njia iliyonyooka haijawahi kunipa shida. Taabu huanza kwenye kona kali. Wiki iliyopita nilikuwa nikiteremka katikati ya miti, njia ikakata kushoto ghafla, na kwa kuwa usukani ulikuwa bado haujageuka, mwanga wote ukawa unamulika shina la mti lililokuwa mbele yangu, ilhali kule nilikokuwa naelekea kulikuwa giza totoro. Niliingia kona ile kwa kubahatisha, gurudumu likapanda mzizi nisiouona, nikaanguka ubavu. Sikupata zaidi ya michubuko, lakini sitarudi kwenye njia ile kabla sijaongeza taa ya kichwani.

Kila taa ninayoiona inajisifu kwa wingi wa lumeni. Je, nichukue tu yenye lumeni nyingi kuliko zote? Betri iwe ndani ya taa au ikae kando? Na nikishaipata, ile ya usukani niiondoe?

Mzee_wa_Breki

Pole sana, ndugu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine: taa ya usukani usiiondoe. Taa ya kichwani iko karibu mno na macho, kwa hiyo kivuli cha kila jiwe hujificha nyuma ya jiwe lenyewe, pale ambapo jicho halifiki. Ardhi huonekana bapa kama ukuta uliopakwa chokaa, na shimo la kina cha kiganja likafanana na jani lililolala njiani. Taa ya usukani iko chini zaidi, hivyo huacha vivuli nyuma ya kila mzizi, na vivuli hivyo ndivyo vinavyoliambia jicho kipi kimeinuka na kipi kimedidimia. Jaribu mwenyewe: weka jiwe la ukubwa wa ngumi sakafuni gizani, limulike kwa tochi uliyoishika kwenye paji la uso, kisha ishushe tochi hadi kiunoni huku macho yakibaki palepale. Utaona jiwe linavyopata umbo.

Basi kazi ya taa ya helmeti ni kupeleka mwanga kule unakotazama, na ndiyo maana lumeni peke yake hazinishawishi. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Hazisemi umeelekea wapi. Ukali wa mwanga katika upande mmoja hupimwa kwa kandela, na taa ya lumeni 900 iliyokusanya miale yake inaweza kufika mbali kuliko ya lumeni 1,500 iliyoitawanya. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Kwa hiyo usukani upate mwanga mpana, na helmeti ipate mwanga uliokusanyika, ila pembeni uwe na weupe hafifu ili usijihisi kama unachungulia ndani ya bomba. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa unapita karibu mita 7 kila sekunde, na jicho likishaona kizuizi, akili na breki navyo vinataka muda wao.

Mteremko_Mrefu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila mimi ningetanguliza uzito. Gramu 250 mkononi si kitu; juu ya helmeti, kwenye njia ya mawe, zinakutesa. Taa yangu ya kwanza ilikuwa na betri ndani na ilikaribia uzito huo. Kila nilipopita penye mawe helmeti iliteleza mbele hadi ukingo wake ukagusa miwani, nikawa naendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiirudisha nyuma. Shingo iliniuma siku mbili. Sasa siweki kichwani kitu kinachozidi gramu 150, na safari ikiwa ndefu betri hukaa kwenye begi la mgongoni, waya ukipanda nyuma ya shingo. Uache waya ulegee kiasi cha kukuwezesha kugeuza kichwa pande zote, na kiungio chake kiwe cha kuchomoka chenyewe kinapovutwa, kwa sababu iko siku tawi litaunasa.

Kishikizo nacho kiangaliwe kwa makini. Napendelea mikanda inayopita kwenye matundu ya helmeti, au kishikizo kinachoachia kinapogongwa, kwa kuwa taa isiyoachia ikikwama kwenye tawi huvuta helmeti na shingo kwa pamoja. Helmeti usiitoboe kamwe. Ukitumia gundi, soma kwanza maelekezo ya mtengenezaji wa helmeti, maana baadhi ya gundi hudhoofisha ganda lake.

Seli_Nne

Mimi naomba niongeze jambo ambalo halionekani siku ya kununua. Taa ndogo zenye mwanga mkali hupata joto haraka na hutegemea upepo wa mwendo ili zipoe. Ukipanda kilima polepole, taa hujipunguza yenyewe ili isiungue, na zile lumeni ulizozilipia hazipo tena. Tena, muda unaoandikwa kwenye boksi usiuchukue kama ulivyo: kwa kipimo cha ANSI FL1, kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa tochi, muda huhesabiwa hadi mwanga unapofikia asilimia 10 ya ulivyokuwa mwanzo, na kwa mwanga huo huwezi kuteremka mlima. Chaji taa yako mpaka ijae, iweke mbele ya feni kwa kiwango unachokusudia kukitumia, kisha uitazame kila baada ya dakika 15. Fanya hivyo nyumbani kabla hujaiamini porini, na kumbuka kwamba baridi hupunguza uwezo wa betri za lithiamu.

Kuhusu rangi, mimi huchagua mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000 kuliko ule mweupe wa kibuluu, kwa sababu macho yangu hutofautisha nao upesi zaidi udongo mkavu na tope. Penye ukungu au vumbi la mwenzako aliye mbele, punguza taa ya helmeti au izime kabisa, uitegemee ya usukani: mwanga unaotokea karibu na macho hurudishwa na chembechembe za hewani, ukabaki unatazama pazia jeupe. Na unapokutana na mtu, usimgeukie uso kwa uso bila kuipunguza kwanza. Utampofusha mahali ambapo anahitaji kuona.

Njia_ya_Mizizi

Nawashukuru sana. Nimefanya jaribio la jiwe jana usiku na sasa nimeelewa kwa nini nisiiondoe taa ya usukani. Nimeamua kuchukua taa ya gramu 130 yenye mwanga uliokusanyika, betri ikae mgongoni. Limebaki swali moja: niielekeze wapi?

Mzee_wa_Breki

Usiipange ukiwa umesimama wima. Panda baiskeli mahali tambarare, mwenzako aishikilie, kaa kama unavyokaa kwenye mteremko, viwiko vimekunjwa na kidevu kimeinuka, kisha tazama umbali wa mita 15 hivi mbele. Kitovu cha mwanga kiangukie hapohapo, na cha taa ya usukani kiwe karibu zaidi. Kisha tikisa kichwa kwa nguvu mara kadhaa. Kitovu kikihama, kaza mikanda ya helmeti yenyewe kabla ya kukaza ile ya taa.