MREJESHO: Kalsaiti na aragonaiti kwenye Raman, nimezitofautisha

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza nitatofautishaje kalsaiti na aragonaiti kwa spektroskopia ya Raman (unapiga sampo kwa leza kisha unasoma mwanga unaotawanyika umebadilika kiasi gani, kila badiliko linaonekana kama kilele kwenye grafu) wakati zote ni madini ya kalsiamu kaboneti na zote zinanipa kilele kikali pale 1085 kwa sentimita.

Mkuu uliyeniambia niachane na 1085 nishuke chini, asante sana, jibu lilikuwa hilo. Kile kilele ni oksijeni tatu zinavyosogea pamoja kuikaribia na kuiacha kaboni iliyo katikati, na hiyo ndiyo kaboneti, ipo kwenye madini yote mawili kwa hiyo peke yake hakitoshi, ila ukishuka chini ya 300 huko ni fuwele nzima inatikisika na mpangilio wa atomi unajionyesha wenyewe. Sampo ya kwanza ikatoa 281 na 711, hiyo kalsaiti haina ubishi. Ya pili ikatoa 206, halafu karibu na 700 kuna vilele viwili vimebanana, 701 na 705, aragonaiti kabisa, nilifurahi sana aisee.

Ule mng'ao wa sampo yenyewe ikipigwa leza (fluorescence), uliokuwa unafunika vilele, nao umepungua, tumetoa leza ya kijani ya nanomita 532 tukaweka ya 785. Ishara inakuwa dhaifu zaidi hivyo unaiacha ikusanye muda mrefu kidogo.

Imebaki sampo yenye mchanganyiko wa zote mbili, nataka uwiano wake, mwenye uzoefu anielekeze naanzia wapi.